Spika ya Kushoto

Mfukoni mna ngapi? Hiyo ndiyo salamu yangu.
Hapa Shimanzi, ubavuni mwa godauni la chumvi,
sina kibao. Nina bisibisi tatu
na pua inayomjua waya aliyeungua
kabla mwenye gari hajazima injini.

Mia tano? Kaa, usione haya.
Mia tano ni msasa na dakika ishirini:
nitaisugua nati ya ardhi mpaka ing'ae,
nitatia sponji ya godoro nyuma ya koni,
na ule mvumo uliokuandama toka Mariakani
utakuacha, kama mdai aliyelipwa.

Elfu nne na nusu, twaweza kusemezana.
Spika mbili za mlango, za mtumba.
Nilizitoa kwa mkono wangu kwenye gari
lililopigwa ubavu; upande wa pili ulisalia mzima.
Usiniulize dereva.
Nami sikuuliza.

Elfu ishirini yaleta redio yenye kioo,
simu yaingia bila waya.
Watu wa elfu ishirini ndio wagumu:
wote wana binamu aliyewaambia.

Halafu Badi, wa Kizingo.
Laki mbili unusu, ndani ya bahasha ya harusi.
Nikang'oa viti vya nyuma, nikachonga sanduku
kubwa kama jeneza la mtoto —
astaghfirullah, kama kabati, nilimwambia kabati.
Siku ya kulijaribu, njiwa walihama paa,
gunia lililotoboka likaanza kumwaga chumvi,
kibao cha namba kikagonga kama meno ya mwenye homa.
Nikasema: betri hii haitoshi,
alterneta yako ni ya gari la kwendea sokoni.
Akacheka. Fundi Lali, wewe funga tu.
Ijumaa ile, kwenye feri, mbele ya Likoni nzima,
gari likakataa kuwaka.
Wapita njia walilisukuma,
na sabufa mbili, upana wa sinia za biriani,
zikapanda mteremko kimya
kama wageni waliokosa mwaliko.

Kadzo alikuja na Probox ya kuchukulia mitungi ya gesi.
Elfu moja na mia tano,
zimekunjwa nyuma ya kitambulisho.
Hakutaka mdundo.
Alisema: sikio langu la kulia
lilikufa nikiwa darasa la tano,
na spika ya kulia ndiyo pekee inayosema humu.
Miaka miwili inaniambia mambo
upande nisioko.

Rafuni palikuwa na pea mpya,
elfu moja na mia tano kamili.
Sitakudanganya, niliitazama mara mbili.

Kisha nikaufungua mlango wa kushoto.
Spika ilikuwa nzima, vumbi tu na mchwa mmoja mkavu.
Waya ndio uliokatika, kwenye bawaba,
pale mlango unapokunjia, kila siku, kila mteja,
kila mtungi unaoshuka.
Solda urefu wa ukucha. Tepu nyeusi.
Mia tatu, nikasema.
Akaniangalia kama niliyemwibia:
Hata kipya kimoja hujanitilia?

Akawasha.
Ulikuwa mpira, dakika za nyongeza,
mtangazaji sauti imemkauka.
Kadzo akapandisha kioo, akaniinulia kiganja ninyamaze,
nami sikuwa nimesema neno.
Akageuza kichwa kidogo kushoto, kile kiti kitupu
akikipa sikio lake lote.

Ghafla akaupiga usukani kwa mikono miwili,
honi ikalia naye,
na wapakuzi wakaacha magunia wakaja mbio:
Nani kafunga? Fundi, nani kafunga?

Sikujua. Wala timu sikuzijua.
Nilikuwa nausikiliza mlango.